Mawe ya Lushoto, Maji ya Tanga

Chumbageni, Tanga
17 Machi

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila joto. Kaskazi mwaka huu inaaga kwa hasira. Saa sita mchana hata kuku wa Bi Mwanaisha wanajibanza chini ya benchi la baraza, mdomo wazi. Salimu anakusalimu. Ameng'oka jino na anataka ujue kwamba hakulia. Alilia.

Barua yako kondakta kaniletea Jumanne, imekunjwa mara nane, ina doa la maji katikati ya ukurasa wa pili, na pembeni umeandika: "Mama, hili si chozi, ni jiwe." Nilicheka peke yangu mpaka wateja wakaniuliza kuna nini. Kumbe ulilaza jiwe la mvua juu ya karatasi ulizungushie kalamu, likayeyuka kabla duara halijakutana. Mchoro wenyewe unafanana na yai lililokaliwa, lakini nimekuelewa.

Unauliza ile mvua ya mawe iliyowapiga huko shuleni Lushoto, barafu yake imetoka wapi siku ambayo mchana wake mlikuwa mnagombea kivuli, na kwa nini jiwe ulilolipasua kwa rula lilikuwa na mizunguko ndani kama kitunguu. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona: mbona sisi Tanga hatuyaoni? Hao wenzako bwenini wanaosema kuna mzee kakasirishwa, waache. Mtu akikosa sababu hutafuta mtu, na wakubwa zetu nao walipita njia hiyohiyo.

Mimi ni muuza barafu. Miaka 11 nimewalisha kwa maji yaliyoganda, barafu za ubuyu kwa watoto na mabonge kwa wavuvi wa Sahare, kwa hiyo swali lako limenifika penyewe. Yale nisiyoyajua nimemuuliza mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye alinichorea wingu zima nyuma ya daftari langu la madeni. Jina lake lenyewe limo upande wa mbele wa daftari hilo, lakini tuyaache.

Unaikumbuka ile asubuhi ya Idi? Nilitoa chupa kwenye friza ya zamani, maji yake bado maji, angavu kabisa. Nikaigonga kwenye ukingo wa meza kulegeza kizibo, na mbele ya macho yetu yakaganda kutoka juu hadi chini kama pazia linaloshushwa. Ulipiga kelele. Bibi yako akaanza kusoma dua. Yale maji yalikuwa yameshapita baridi ya kuganda muda mrefu, ila hayakuwa yamepata pa kuanzia. Baridi peke yake haitoshi. Maji yanataka kichembe cha kushikia, au mtikisiko kama ule wangu wa mezani; yakiwa safi na yametulia yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji. Matone madogo sana ya mawinguni, mwalimu anasema, huvumilia hadi karibu digrii 40 chini ya sifuri. Lakini yakigusana na punje ya barafu, hapohapo yanaigandia. Hili ulishike vizuri, maana mengine yote yananing'inia hapa.

Sasa friza yenyewe ya mvua iko wapi? Iko juu yetu siku zote, hata leo hii ninapoandika huku jasho linadondoka kwenye karatasi. Siku ile tuliyokupeleka shule, pale Mombo ulikuwa unajipepea kwa fomu ya kujiunga. Basi likapanda zile kona, tulipofika Soni ukaomba sweta. Hatukuwa tumepanda hata kilomita moja nzima. Kwa wastani joto hupungua karibu digrii 6 na nusu kwa kila kilomita moja ya kupanda. Fanya hesabu: Tanga leo ina digrii 32 hivi. Ukipanda kilomita 5 juu ya bati letu, umefika kwenye sifuri. Ndiyo maana Kilimanjaro, yenye mita 5,895, ina barafu kileleni ingawa iko karibu na Ikweta na miguuni pake watu wanapalilia migomba.

Kwa hiyo baridi ipo. Kinachokosekana ni wa kuyapandisha maji, na hiyo ndiyo kazi ya joto la mchana. Siku yenu ile jua lilikuwa limeuchapa mteremko tangu asubuhi, udongo ukapata moto, hewa iliyoulalia ikawa nyepesi ikaanza kupanda. Na huko kwenu milima inasaidia: upepo unaotoka huku baharini na mvuke wake ukikutana na Usambara hauna njia ila kupanda. Hewa ikipanda inapoa, mvuke unageuka matone, wingu linazaliwa.

Hapa kuna jambo ambalo kila mpishi analijua mkononi hata kama hajaliweka kichwani. Mvuke wa sufuria unaunguza kuliko maji yenyewe ya moto, na kovu langu la mkono wa kushoto ni shahidi. Mvuke ukigusa ngozi ukageuka maji, unaliachia lile joto lote ulilolimeza wakati unachemka. Wingu nalo linafanya vilevile. Mvuke unapogeuka matone unaachia joto, joto linaipasha hewa ya ndani ya wingu, hewa inazidi kupanda na kuvuta mvuke mwingine kutoka chini. Wingu linajilisha lenyewe. Ndiyo unaliona linaumuka kama andazi, kichwa juu ya kichwa, mpaka linagonga dari ya anga na kutandaza kichwa bapa kama fuawe ya mhunzi. Kwenye nchi zetu za joto dari hiyo iko kilomita 15 na zaidi. Ndege za safari ndefu hupita kilomita 10 au 11, na rubani mwenye akili akiliona wingu la namna hiyo mbele yake analizunguka.

Ndani ya wingu hilo, juu ya ule mstari wa sifuri, yamejaa matone kama ile chupa ya Idi: baridi kupita kiasi, bado maji, yanangoja kuguswa. Kinachoyagusa ni punje. Huenda ni tone lililokwisha kuganda, huenda ni chenga nyeupe laini ya barafu kama sukari iliyoshikana. Na hiyo punje nayo ilihitaji pa kuanzia: chembe ya vumbi, au hata bakteria wa kwenye majani waliopeperushwa na upepo. Unajua mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, hapo Kenya, yanasifika duniani kwa kupigwa na mvua ya mawe mara nyingi sana kwa mwaka. Watafiti waliochunguza takataka za majani ya chai zilizo chini ya ile michai waligundua kwamba vumbi lake ni hodari wa kugandisha maji. Wakashuku kwamba wachumaji wanapopita wakilitimua, wanalilisha wingu litakalowapiga alasiri. Basi mwalimu wenu wa zamu alipowakataza kula yale mawe alikuwa na haki yake. Katikati ya pipi yako kuna uchafu wa shamba la mtu. Najua umeshakula.

Punje ikishapatikana, matone yanaigonga na kuigandia, moja baada ya jingine. Haba na haba hujaza kibaba, ila hiki kibaba kinaelea hewani, na kuelea kwake ndiko muujiza wake. Kwa nini kisianguke mara moja? Kwa sababu hewa inayopanda inakibeba, kama kifuniko cha sufuria kinachochezeshwa na mvuke. Jiwe likizidi kuwa zito, linataka hewa yenye nguvu zaidi ya kulishikilia. Jiwe la sentimita 4, tuseme ndimu, linataka hewa inayopanda kwa karibu kilomita 100 kwa saa, ule mwendo wa basi la Dar likitoka Segera na dereva hajaona trafiki. Lakini elekeza basi hilo mbinguni. Siku hewa inapochoka, au jiwe likiishinda, au likisukumwa pembeni mwa mkondo, linaanguka.

Vitunguu vyako sasa. Hapa nilimshinda mwalimu kidogo, kwa sababu ni kazi yangu. Barafu ikiganda haraka inakuwa nyeupe; ikiganda polepole inakuwa angavu kama kioo. Wateja wangu wa madafu wanataka ya kioo, wavuvi hawajali. Weupe ule ni hewa, vipovu vidogo vilivyonaswa kabla havijapata pa kutokea. Jiwe lako likipita sehemu yenye baridi kali na matone machache, kila tone linaganda palepale lilipogusa, hewa inanaswa, tabaka linakuwa jeupe. Likipita penye maji mengi, maji yanatandaa juu yake kwanza, yanaganda taratibu, hewa inatoka, tabaka linakuwa kioo. Kwa hiyo ulichokipasua kwa rula ni kumbukumbu ya njia ya jiwe lile. Shuleni sisi tulifundishwa kwamba jiwe linapanda na kushuka kama mpira wa kitenesi, kila safari tabaka moja, na nilijibu hivyo kwenye mtihani wa kidato cha nne nikapata alama zangu. Mwalimu anasema siku hizi wataalamu hawasisitizi tena hivyo: jiwe linaweza kupata matabaka yote kwa safari moja tu ya kukatiza ndani ya wingu, kwa kuwa wingu lenyewe halilingani kila mahali. Alama zangu siwarudishii.

Yako uliyaona kama njegere, machache kama kunazi. Kwa wataalamu, barafu ikifika milimita 5 ndiyo inahesabiwa jiwe. Chini ya hapo ni chenga. Lakini kuna mengine, Zuhura. Tarehe 23 Julai 2010, katika mji mdogo wa Vivian, jimbo la South Dakota huko Marekani, liliokotwa jiwe lenye upana wa sentimita 20, sawa na dafu dogo, uzito gramu 880 hivi, na miiba yake pande zote. Hilo ndilo pana kuliko yote yaliyopimwa huko. Kwa uzito wamelizidi Gopalganj, Bangladesh, ambako tarehe 14 Aprili 1986 yalianguka mawe ya hadi kilo 1.02 na watu 92 wakafa.

Wala usidhani ni mambo ya ng'ambo. Machi 2015, usiku, kijiji cha Mwakata wilayani Kahama kilipigwa na mvua ya mawe yenye upepo mkali. Watu wapatao 40 walikufa. Wengi waliangukiwa na kuta, maana nyumba zilikuwa za udongo na maji yalishazilowesha. Nakumbuka baba yako, Mungu amrehemu, alivyoizima redio akatoka nje akasimama barazani muda mrefu. Wewe ulikuwa bado mdogo, ulikuwa unalala na kijiko mkononi. Tangu siku ile nikisikia watu wanacheka mvua ya mawe kwamba ni peremende za Mungu, cheko langu halitoki.

Na juu ya radi, kwa kuwa najua mnatoka nje na beseni: mawe na radi vinapikwa jiko moja. Zile chenga nzito zikigongana na vipande vidogo vya barafu mle ndani, vinasuguana na kubadilishana umeme. Vyepesi vinapelekwa juu na chaji yake, vizito vinabaki chini na nyingine, pengo likijaa linapasuka. Kwa hiyo wingu linalomwaga mawe ni wingu lenye umeme tele. Kaeni bwenini, mbali na madirisha, wala msijikinge chini ya ule mkaratusi wa uwanjani mnaousifu. Ngurumo ya mwisho ikishapita, ngojeni nusu saa ndipo mkaokote. Jiwe litakuwa limeyeyuka kidogo. Na liyeyuke.

Nimebakiza lile swali ulilolinong'ona. Nililitafakari usiku wote umeme wa LUKU ulipokwisha na sikuwa na la kufanya ila kulinda barafu isiyeyuke.

Nadhani Tanga mawe yanaanguka, mwanangu. Yanaanguka sana tu, ila hayafiki. Mstari wa sifuri uko kilomita 5 juu, huku sisi tumekaa usawa wa bahari. Jiwe likiuvuka mstari huo kuja chini, linashuka dakika kadhaa ndani ya hewa inayozidi kuwa ya moto na yenye unyevu, kama mtoto aliyetumwa barafu dukani akapitia uwanjani kwanza. Nyinyi mko mita 1,400. Jiwe la kwenu linapunguziwa zaidi ya robo ya safari, tena ile robo ya chini yenye joto kali kuliko zote. Ndiyo maana Lushoto wanapigwa, Njombe wanapigwa, Kericho wanapigwa, sisi na Bagamoyo tunapata maji. Sisemi haiwezekani kabisa. Jiwe likianza kubwa vya kutosha litafika popote. Ila hapa sijawahi kuliona kwa macho yangu, na nimezaliwa Barabara ya 12.

Lakini utakumbuka mvua zetu za radi zinavyoanza. Kwanza unakuja ule upepo wa ghafla, baridi, unanusa udongo, khanga zinaruka kambani na mimi napiga kelele mtoke mkaanue. Ile baridi haitoki baharini. Mawe yakiyeyuka angani yanainyonya hewa joto lake, kama bonge la barafu linavyopoza sanduku zima la samaki, na matone yanayokauka njiani yanaipoza zaidi. Hewa iliyopoa ni nzito. Inaporomoka pamoja na mvua, ikigonga ardhi inatawanyika kila upande na kutangulia mbele. Baada ya upepo huo yanaanguka matone ya kwanza, makubwa, machache, yanapiga bati ta! ta! kama mtu anayerusha kokoto. Mdogo ulikuwa unakimbilia uani kuyapokea na kiganja, unasema, "Mama, ni ya baridi!" Nilidhani unatafuta sababu ya kucheza mvua. Mengi ya matone yale, anasema mwalimu, dakika chache kabla yalikuwa barafu.

Kwa hiyo umeshayashika. Ulikuwa na miaka 5, ulikuwa na kaptula ya kaka yako, na ulichapwa kwa ajili yake. Naomba radhi kwa kile kiboko.

Bibi yako aliyeolewa Soni ananiambia mwaka mmoja mawe yalimchana kabichi zote akabaki na vikonyo, siku mbili kabla ya gari la Tariq wa sokoni kuja kubeba. Hakuna alichosema ila alizichemsha zilizobaki wakala nyumba nzima wiki nzima. Kama bustani ya shule yenu nayo imechanika, waambie wasing'oe mche ambao moyo wake wa kati umepona. Majani ya nje yanaweza kurudi. Hili ni la bibi, si la mwalimu.

Siku nyingine yakianguka, usilichore tena. Lichukue na kijiko, si kidole, kidole kina moto. Jikoni kwenu kama wana friza mwombe mpishi akuwekee ndani ya kikombe cha bati, kesho yake ulipasue taratibu uhesabu matabaka, jeupe ngapi, kioo ngapi, kuanzia ndani kwenda nje, uniandikie. Mwalimu naye anataka kujua. Nimemwambia akilipa lile deni nitamsomea.

Mzigo unakuja na kondakta yuleyule: sabuni, pedi, korosho robo kilo ambazo usimgawie kila mtu, na sweta la pili kwa sababu la kwanza najua limeshapotea. Sikutuma barafu za ubuyu ingawa uliomba; nimekueleza vya kutosha zingekufikia zikiwa nini.

Salimu tangu nimsomee habari ya chupa ya Idi haniachi. Ameshajaza nne, amezilaza kwenye friza, anaifunua kila baada ya dakika kumi kuangalia, na zinaganda zote kabla ya wakati kwa sababu anazitikisa. Moja imepasuka juu ya samaki wa watu. Nimeficha ya tano nyuma kabisa, chini ya gunia, hajui. Ukija likizo utaigonga wewe.

Mama yako